Mama wa Ukutani

Shule moja ya Plovdiv imeniletea vitabu vinne vilivyovunjika mgongo,
nivishone, nivipake gundi, nivirudishe kabla ya Septemba.
Historia ya sanaa, vyote vinne.
Mimi si msomi, ni fundi wa majalada.
Lakini gundi haina haraka na macho hayana pazia,
basi nikavilaza mezani ubavu kwa ubavu,
kila kimoja pale alipo yule mama.

Mama mmoja, wa ukuta wa kanisa dogo la Gorna Lipa,
aliyetoa fedha za ujenzi miaka mia tano na ushei iliyopita,
akachorwa amelibeba kanisa lenyewe kiganjani
kama mtu anayempelekea jirani sahani iliyofunikwa.

Cha mwaka thelathini na nane kimempa ukurasa mzima
na karatasi nyororo ya kumsitiri, kama shela.
"Tazameni," kinasema, "paji la uso la taifa letu."
Paji la uso! Nikajiangalia kwenye kioo cha dirisha:
langu nimelirithi kwa babu, mtu wa Thesaloniki, muuza ndimu.

Cha sitini na moja kimemkata.
Mkasi umepita juu ya vidole,
kanisa limekwenda na maji,
umebaki ukingo mweupe tu, na chini yake maandishi:
Mwanamke mkulima na mkate wake.
Mwamba ngoma huvutia kwake;
huyu alivuta mpaka kanisa likawa unga.

Cha themanini na nne kimemgeuza.
Kosa la mtambo, filamu ililazwa kifudifudi,
lakini darasa baada ya darasa waliandika kwenye mtihani
kwamba mama huyu alitumia mkono wa kushoto,
na wakapewa alama.
Pembeni, kwa kalamu ya risasi: Svilena, nisubiri getini.
Sijaifuta. Nayo ni historia, na haijamkata mtu.

Cha juzi juzi kinang'aa kama sakafu ya benki.
Kimemweka chini kabisa, ukubwa wa stempu,
kando ya bibi wa Kitaliano aliyetandazwa kurasa mbili.
"Mfano wa pembezoni."
Nikachukua lenzi yangu ya kushonea. Pembezoni mwa nani?

Jumamosi nikaenda.
Funguo anazo Stamena, ajuza mwenye soksi za sufu mwezi wa saba.
Akausukuma mlango kwa nyonga, akawasha mshumaa,
na yule mama akatoka gizani,
kanisa lake kiganjani, mkono wa kulia,
na hana macho.
Mashimo mawili, yamekwanguliwa chokaa hadi kwenye jiwe.

Nikauliza: ni maadui? Ilikuwa vita gani?

"Maadui!" Stamena akacheka mpaka mwali ukayumba.
"Ni sisi.
Mtoto akiugua macho, unakwangua kidogo kwa kijiko,
unachanganya na maji ya chemchemi, unamnawisha.
Jicho hili la huku, ncha yake ya mwisho,
alinawishwa nalo mama yangu.
Aliona mpaka siku ya kufa. Akitunga uzi bila miwani."

Nikamsimulia vile vitabu: paji la uso, mkate, mkono wa kushoto, stempu.
Alisikiliza huku akibandua nta kidoleni.

"Na humo anaona?"

Anaona, nikasema. Vyote vinne vimemtilia macho.

"Basi si yeye," akasema,
akaupuliza mshumaa.

Nimerudi, gundi imeganda kwenye kopo.
Nimeichemsha upya, nimefungua dirisha kwa ajili ya harufu.
Kisha nikatafuta tundu la sindano.
Mara tano.